Mlinzi wa Kituo cha Nyuklia Ana Mamlaka Gani Kisheria? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na vijana wa Unguja na Pemba wanaotafuta kazi ya ulinzi, hapa nyumbani au Ghuba. Huulizwa pia na wanafunzi wa sheria, na watu waliosikia kwamba nchi jirani zinapanga kujenga vinu vya nyuklia. Majibu yote yamesimama juu ya jambo moja: mlinzi hapati mamlaka kwa sare wala kwa bunduki. Anayapata kwa sheria fulani, kwa kazi fulani, ndani ya mipaka fulani ya ardhi. Asiyeijua mipaka hiyo ataumiza watu, au atafikishwa kizimbani mwenyewe.

Kwani Tanzania kuna kituo cha umeme wa nyuklia?

Hakuna, si Bara wala Visiwani. Afrika nzima kituo kinachozalisha umeme kwa nyuklia ni kimoja, Koeberg, karibu na Cape Town, chenye vinu viwili vilivyoanza kazi katikati ya miaka ya 1980. Misri inajenga El Dabaa. Kenya iliitazama kwanza Uyombo, Kilifi, wananchi wakapinga, na macho yakahamia Siaya kando ya Ziwa Victoria. Uganda inaizungumzia Buyende. Tanzania ina urani katika eneo la Mto Mkuju, Namtumbo, na ina Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC) iliyo chini ya sheria ya mwaka 2003, makao yake makuu Arusha.

Sasa kwa nini Mzanzibari ajishughulishe na mambo haya?

Kwa sababu sheria inayomhusu mlinzi wa kinu ni ileile inayomhusu mlinzi wa kituo cha kupozea umeme, bandari, tangi la mafuta au hoteli. Tofauti ni ukubwa wa hatari. Unguja inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na Pemba kutoka Tanga. Waliokuwepo Unguja mwishoni mwa 2009 wanakumbuka miezi mitatu ya kiza, iliyotokana na hitilafu, si hujuma. Miundombinu ya aina hii haina mbadala wa karibu, na anayesimama getini pake anapaswa kujua anaruhusiwa nini.

Mamlaka ya mlinzi wa nyuklia yanatoka wapi hasa?

Juu kabisa upo Mkataba wa kimataifa wa Ulinzi wa Nyenzo za Nyuklia, uliofunguliwa kutiwa saini mwaka 1980. Ulirekebishwa 2005 ili uhusu pia vituo vyenyewe, na marekebisho hayo yakaanza kutumika tarehe 8 Mei 2016. Mkataba huu unaibebesha dola wajibu. Mlinzi mmoja mmoja haumpi kitu.

Chini yake ndipo zinapokuja sheria za nchi, kisha kanuni za msimamizi wa nyuklia (chombo cha serikali kinachosimamia vituo hivyo), kisha leseni ya kituo na mpango wake wa ulinzi, na mwisho kabisa amri za kazi za kila zamu. Hapa ndipo walinzi wengi hukosea. Amri ya bosi wako inaweza kupunguza yale ambayo sheria imekuruhusu, lakini haiwezi kuongeza. Bosi akikwambia "mtu akipita hapa mpige", na sheria haikuruhusu kupiga, kosa ni lako na lake pamoja.

Je, walinzi hao ni polisi?

Inategemea nchi, na tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Uingereza wana jeshi la polisi la nyuklia za kiraia, Civil Nuclear Constabulary, lililoundwa kwa Sheria ya Nishati ya 2004 na kuanza kazi Aprili 2005. Askari wake ni polisi kamili wenye silaha. Wana mamlaka ya polisi ndani ya kituo na hadi kilomita 5 nje ya mipaka yake. Ufaransa, vituo vya umeme vina vikosi maalum vya jandamaria vinavyokaa hapohapo kituoni.

Marekani ni kinyume. Anayesimama na bunduki kwenye uzio wa kituo cha umeme ni mfanyakazi binafsi, wa kampuni ya umeme au ya ulinzi. Si polisi. Msimamizi wa nyuklia, NRC, anaamuru kituo kiwe na ulinzi wa kiwango gani, lakini mamlaka ya kumkamata mtu yanabaki kwenye sheria ya jimbo kituo kilipo. Wasichanganywe na walinzi wa Wizara ya Nishati wanaolinda maeneo ya silaha za nyuklia: hao sheria ya taifa imewapa mamlaka ya kukamata, kwa makosa yaliyotajwa.

Afrika Kusini wapo katikati. Koeberg ilikuwa chini ya sheria ya maeneo nyeti ya 1980, ambayo nafasi yake imechukuliwa na Sheria ya Ulinzi wa Miundombinu Muhimu ya 2019.

Mlinzi asiye polisi anaweza kumkamata mtu?

Anaweza kumzuia, kwa masharti. Mifumo mingi ya sheria, pamoja na yetu iliyotokana na ya Kiingereza, inamruhusu raia yeyote kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, kisha amkabidhi polisi bila ya kuchelewa. Baadhi ya majimbo ya Marekani yameongeza vifungu maalum. Arizona, kilipo kituo cha Palo Verde, ina sura nzima katika sheria zake za jinai inayowahusu walinzi wenye silaha wa vituo vya nyuklia: nani anahesabika kuwa ni mlinzi, kuingia kituoni bila ruhusa ni kosa gani, na nguvu kiasi gani inaruhusiwa.

Tuchukue mfano ili ionekane kazi inavyokwenda. Saa nane za usiku sensa ya uzio inalia, na kamera inaonyesha mtu mwenye begi kati ya nyua mbili. Mlinzi wa zamu haanzi kwa kukimbia. Anaanza na redio: pahala, idadi ya watu, wanachobeba, wanaelekea wapi. Vituo vya Marekani vina vyumba viwili vya kupokea kengele, ili kimoja kikitekwa au kikizimika chengine kibaki. Vyumba vyote viwili lazima visikie. Kisha mlinzi anajikinga nyuma ya kitu kigumu, anamulika, na anatoa amri fupi kwa sauti kubwa: simama, mikono juu, weka begi chini, rudi nyuma, lala. Anamwacha mtu alale mbali na begi. Mlinzi wa pili anasogea kwa pembeni, si uso kwa uso na mwenzake, kwani wawili wakiangaliana, risasi ya mmoja humpata mwengine. Begi haliguswi mpaka lichunguzwe na wenye vifaa. Polisi wanaitwa, na saa ya kuwaita inaandikwa.

Yanayoharibika hapa ni matatu. La kwanza, walinzi wote kukimbilia pahala pamoja, na huku tukio lile lilikuwa la kuwapoteza, wavamizi wenyewe hasa wanaingia upande wa pili. Ndiyo maana kila mtu ana nafasi yake na haiachi bila ya amri. La pili ni kumhoji mtuhumiwa. Jina na kama ana silaha, basi. Mengine ni kazi ya polisi, na maneno yaliyotolewa kwa vitisho hayasimami mahakamani. La tatu ni kudharau kengele. Julai 2012, kwenye eneo la silaha za nyuklia la Y-12 huko Tennessee, watu watatu wanaopinga silaha hizo, mmoja wao mtawa wa miaka 82, walikata nyua na kufika ukutani mwa jengo lenye urani iliyorutubishwa sana. Baadhi ya kamera zilikuwa mbovu, na kengele za uongo zilikuwa nyingi mno hata zimezoeleka. Kengele iliyozoeleka ni sawa na kengele isiyokuwepo.

Anaruhusiwa kupiga risasi?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na jibu la mtaani kwamba "kule ukikanyaga tu unapigwa" si kweli.

Kanuni ya Marekani, 10 CFR 73.55, inavitaka vituo vihakikishe mlinzi anatumia nguvu inayotosha kuikabili nguvu aliyoelekezewa. Nguvu ya kuua inaingia pale anapoamini, kwa sababu za maana, kwamba ni lazima ili kuokoa maisha yake au ya mwengine, au pale sheria ya jimbo au ya taifa inaporuhusu. Arizona inaongeza kuzuia makosa mazito yaliyotajwa ndani ya kituo. Nje ya hapo, kuwa ndani ya uzio pekee hakuhalalishi kuuawa.

Maneno "kwa sababu za maana" yana uzito. Mahakama itauliza: ulikiona nini? Umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Alikuwa anakuja au anakimbia? Mwizi wa nyaya za shaba anayekimbia na mzigo begani hapigwi risasi, hata kama nyaya ni za kinu. Mali haifidiwi kwa roho. Mtu anayekimbilia jengo la kinu akiwa na kinachoonekana kuwa baruti ni habari nyengine, kwa kuwa huyo anahatarisha maisha ya watu wengi.

Wanabeba silaha gani?

Bastola na bunduki kubwa. Kwa muda mrefu sheria za baadhi ya majimbo ziliwazuia walinzi binafsi kumiliki silaha za rasharasha. Mwaka 2005 Bunge la Marekani liliongeza kifungu cha 161A kwenye Sheria ya Nguvu za Atomiki ya 1954. Kifungu hicho kinaipa NRC uwezo wa kukiruhusu kituo kilichoomba kutumia silaha hizo hata kama sheria ya jimbo inakataza, kwa sharti kwamba kila mlinzi achunguzwe rekodi zake za jinai na alama za vidole. Kanuni kamili za kukitekeleza zilitoka 2023. Kibali ni cha kituo na cha kazi, hakimfuati mlinzi nyumbani.

Idadi nayo imewekwa: askari wa kukabiliana wenye silaha ndani ya eneo lililolindwa hawapungui 10 kwa wakati wowote. Angalau mara moja kila miaka 3, NRC husimamia zoezi la kikosi cha maadui wa kuigiza kukishambulia kituo, ili uonekane ukweli wa mpango.

Wanapekua kwa ruhusa ya nani?

Kwa ridhaa ya anayeingia. Kupekuliwa ni sharti la kuingia: mwili hupitishwa kwenye vitambuzi vya chuma na baruti, begi kwenye eksirei, gari hufunguliwa boneti, buti na kutazamwa chini. Ukikataa, huingii. Mlinzi hana haki ya kukulazimisha, wala ya kukuzuia usiondoke kwa kuwa umekataa tu. Akikuona na bastola, hapo mambo yanageuka.

Mamlaka yanaishia wapi? Kwenye uzio?

Eneo la kituo huwa na tabaka. La nje ni ardhi ya mmiliki, ambako mtu anaweza hata kuingia kwa gari hadi kizuizi cha kwanza. Kisha eneo lililolindwa, lenye uzio, sensa, na taa zenye mwanga wa angalau futi-kandela 0.2 (kipimo cha mwanga) usawa wa ardhi, kama luksi 2 hivi. Ndani kabisa kuna maeneo muhimu: chumba cha kuendeshea kinu, pampu, betri, mitambo ya akiba. Ulinzi unazidi kila unapoingia ndani, na sababu za kutumia nguvu nazo zinakuwa wazi zaidi.

Barabara ya umma nje ya uzio si yake. Mtu akisimama huko akapiga picha, mlinzi wa Marekani anaweza kumuuliza kwa adabu, kuandika namba ya gari na kuita polisi. Hawezi kumpokonya kamera wala kumlazimisha afute picha. Nchi nyengine zina sheria kali zaidi juu ya picha za maeneo nyeti, kwa hiyo ukiwa ugenini uliza kwanza.

Angani hana lolote. Droni huhesabika kuwa ni chombo cha anga, na Marekani ni vyombo vya serikali vilivyopewa ruhusa na sheria tu vinavyoweza kuzizuia. Mlinzi anaandika saa, upande ilikotoka, urefu wa kukisia, na kuripoti.

Kuingia kituoni bila ruhusa ni kosa kubwa kiasi gani?

Uingereza ni kosa la jinai kwa kuingia tu. Ufaransa ilitunga sheria Juni 2015 inayoweka kifungo cha mwaka mmoja na faini ya euro 15,000, na adhabu hupanda pakiwa na kundi au silaha. Marekani hujuma dhidi ya kituo cha nyuklia inaweza kufika kifungo cha miaka 20, na maisha mtu akifa. Lakini kuingia si hujuma. Wale watatu wa Y-12 walitiwa hatiani kwa hujuma, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaifuta hatia hiyo. Mlinzi anapoandika ripoti aandike alichokiona. Jina la kosa ni la mwendesha mashtaka.

Hatari kubwa inatoka nje au ndani?

Ukitazama matukio yaliyothibitika, ya ndani yanatisha zaidi. Desemba 1982, mabomu manne yaliripuka Koeberg kabla ya mafuta ya nyuklia kuwekwa. Aliyeyaingiza, kwa niaba ya Umkhonto we Sizwe, tawi la silaha la chama cha ANC, alikuwa akifanya kazi mlemle. Agosti 2014, Doel huko Ubelgiji, mtu alifungua valvu na kumwaga mafuta ya kulainisha ya tabaini ya kinu cha nne. Tabaini ikaharibika na kinu kikasimama kwa miezi kadhaa. Hakuna uzio uliokatwa.

Kwa hiyo mamlaka yenye faida kuliko yote kwa mlinzi ni madogo kwa sura: kumzuia mwenye kitambulisho halali asiingie pahala ambapo leo hana kazi. Meneja naye. Sheria ya watu wawili, kwamba hakuna anayeingia peke yake kwenye sehemu nyeti, haina msamaha wa cheo. Na kwetu hapa, ambako mtu mzima akija getini ni vigumu kumwambia "subiri, babu, niandike kwanza", hili linahitaji mazoezi. Mpe shikamoo, mpe kiti, na bado daftari lijazwe.

Mlinzi akilala?

Mwaka 2007 walinzi wa Peach Bottom, Pennsylvania, walirekodiwa kwa video wakiwa wamelala kwenye chumba cha kusubiria. Kampuni ya ulinzi ilipoteza mkataba na mwenye kituo akatozwa faini ya dola 65,000. Kanuni za Marekani zinaweka ukomo: si zaidi ya saa 16 za kazi katika 24, wala 26 katika 48, wala 72 katika siku 7. Usingizi wa mlinzi aliyefanya zamu tatu mfululizo ni kosa la aliyempanga kabla ya kuwa lake. Kampuni zetu zinazompanga mtu mmoja usiku kucha, siku saba kwa wiki, zijue hivyo.

Mimi ni mlinzi wa kampuni hapa Unguja. Naruhusiwa nini?

Huna mamlaka ya polisi. Ulinzi na usalama pamoja na Polisi ni mambo ya Muungano, na kampuni binafsi haipati kipande chake kwa kuvaa buti na kofia. Ulichonacho ni haki ya raia ya kukamata chini ya Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya Zanzibar Nam. 7 ya 2018, haki ya kujitetea kwa nguvu ya kiasi, na haki ya mwenye pahala kumkataza mtu asiingie.

Kwa vitendo: ukimkuta mtu ndani ya ua wa kituo cha umeme anakata waya, mzuie kwa nguvu inayohitajika tu. Akishatulia, nguvu imekwisha. Kofi moja baada ya hapo ni shambulio na wewe ndiye mshtakiwa. Mpigie polisi papo hapo, mjulishe na sheha wa shehia. Usimfungie stoo mpaka asubuhi. Usichukue simu yake ukaifungua. Usikubali "tuyamalize hapahapa" kwa pesa. Wananchi wakikusanyika na hasira, kazi yako inageuka: unamlinda mwizi yule asiuawe.

Walinzi wa hoteli za Nungwi, Paje na Kiwengwa waliangalie hili kwa makini. Ua wa hoteli ni wa hoteli. Wavuvi, wakulima wa mwani na watoto wanaopita ufukweni hawajaingia kwako, na kumsukuma mama mwenye gunia la mwani hakuna sheria inayokukinga nako.

Nikikuta kitu chenye alama ya mionzi?

Alama ni duara dogo jeusi lenye mapanga matatu, aghlabu juu ya manjano. Inaweza kuwa kwenye kontena bandarini au kwenye vyuma chakavu. Usikiguse, usikifungue, usikibebe kwenye gari la kampuni. Waondoe watu: kwa kitu kilichovunjika au kisichojulikana kilicho nje ya jengo, anza na mita 30 pande zote. Simama upande upepo unakotoka. Usile, usinywe, usivute sigara hapo. Piga polisi, nao wawaite TAEC. Waliokigusa wasiende majumbani, waandikwe majina na wasubiri kupimwa. Goiânia, Brazil, mwaka 1987, wauza vyuma chakavu walifungua kifaa cha tiba ya mionzi kilichoachwa na kliniki. Watu wanne walikufa na zaidi ya 100,000 wakapimwa.

Mashine ya eksirei ya uwanja wa ndege haina dutu ya mionzi ndani yake. Ikizimwa umeme haitoi chochote.

Nimepata ajenti wa kazi ya ulinzi Ghuba, anasema ni kwenye kinu cha nyuklia. Niamini?

Kituo kipo: Barakah, Abu Dhabi, vinu vinne vyenye jumla ya megawati 5,600 hivi. Lakini ulinzi wa silaha wa maeneo kama hayo ni wa dola yenyewe, kwa hiyo anayekuahidi bunduki na "mamlaka ya kukamata" anakudanganya. Kazi inayoweza kuwepo kwa mgeni ni geti la nje, mapokezi au kambi, na hata hiyo inahitaji leseni ya mlinzi ya huko. Dai mkataba wenye jina la mwajiri, saa za zamu, siku ya mapumziko, nani analipia mafunzo na leseni, na pahala pa kazi pametajwa. Falme za Kiarabu zinakataza mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi. Ajenti akiomba kwamba pasipoti "ikae kwake", jibu unalo.

Ripoti ya tukio iandikwe vipi?

Iandikwe zamu ileile, kwa peni, bila ya kufuta. Ukikosea piga mstari mmoja na utie saini ndogo pembeni. Weka tarehe, saa ya kuona, saa ya redio, saa ya polisi kuitwa na kufika. Weka umbali kwa mita na mwanga ulivyokuwa. Andika amri ulizozitoa kwa maneno yaleyale. Kama umetumia nguvu, eleza kila kitendo na sababu yake wakati ule, si sababu uliyoifikiria baadaye. Orodhesha vitu vilivyokutwa, nani amevigusa, na saini ya askari aliyevipokea. Baki na nakala.